Kazi Yake ni Kuanguka

Baba yake Nyoya aliingia langoni amebeba godoro kichwani, na watu wote waliokuwa uani wakaacha walichokuwa wakifanya.

Halikuwa godoro la kuchekwa. Lilikuwa jipya, limeshindiliwa pamba mpaka likakataa kukunjika, kingo zake zimeshonwa kwa mkono kwa uzi mnene, mshono juu ya mshono, jinsi fundi anavyomshonea mtu wa nyumbani kwake na si mteja. Mzee alilitua taratibu kivulini, akajifuta jasho kwa mkono wa koti, kisha akainua macho. Jengo lililokuwa mbele yake zamani lilikuwa kiwanda cha unga. Sasa mashine hazipo, milango haipo, zimebaki kuta na madirisha matupu, na ngazi ya chuma ya nje iliyopanda ghorofa kwa ghorofa mpaka juu ya paa. Kwenye ukingo wa paa watu wa kamera walikuwa wamefunga kitambaa chekundu.

"Ndipo pale?" aliuliza.

"Ndipo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba," mzee alijibu, lakini hakugeuka kumwona aliyemsalimu. Alimjua kwa sauti. Alikuwa ni Maboksi.

Jina hilo kijana alipewa na wenzake kwa sababu ya kazi yake. Filamu ikitaka mtu aanguke kutoka juu, yeye ndiye aliyejenga chini, mahali ambapo kamera haifiki, kilima cha maboksi matupu ya karatasi ngumu, safu juu ya safu, kisha akakizungushia kamba ili kisitawanyike. Na mtu wa kuanguka alikuwa Nyoya. Sura iliyoonekana kwenye filamu ilikuwa ya mwigizaji mwingine, mrembo mmoja waliyemwita Nyota. Lakini Nyota akitakiwa kurushwa dirishani, kugongwa na gari au kudondoka kwenye daraja, Nyoya ndiye aliyevaa gauni lake na wigi yake, akaenda kudondoka badala yake. Ndiyo kazi iliyomlisha. Wengine hushona, wengine huuza duka, wengine hufundisha watoto. Binti wa fundi magodoro alilipwa aanguke.

Maboksi alimpenda tangu siku ya kwanza alipomwona akitoka ndani ya kilima chake, nywele zimejaa vumbi, akiuliza kama kuna mtu ana chai. Alikaa na mapenzi yake kifuani muda mrefu, akijikaza kisabuni. Mwishowe akamtuma mjomba wake kwenda kuposa. Mjomba alirudi mapema kuliko ilivyotarajiwa.

"Hakunifukuza," alisema mjomba, "ila amesema hivi: hawezi kumwoza mwanawe kwa mtu anayemtandikia mahali pa kufia."

Nyoya alipopata habari hizo hakulia wala hakununa. Alikwenda kukaa mbele ya baba yake karakanani, katikati ya pamba, akamwambia, "Baba, njoo uone. Mara moja tu. Ukishaona ukasema hapana, sitakuuliza tena, na yeye hatakuja tena."

Baba akasema atakuja. Na leo alikuwa amekuja. Jibu lake lilikuwa ndani ya kifua kile kilichokuwa kikihema, na Maboksi alilitafuta usoni kwake asilione.

"Baba!"

Nyoya alikuja mbio kutoka kwenye chumba cha mavazi, amevaa gauni la njano la Nyota, miguu mitupu. Alimpigia baba yake magoti ya haraka haraka, kisha akaliona godoro.

"Umelibeba mwenyewe njia nzima?"

"Ningembebesha nani? Ni la kupumzikia. Mtu anayefanya kazi ya kufa, angalau apumzike vizuri kabla."

"Sifi, Baba."

"Wewe ndiye unayesema." Mzee alilipigapiga godoro kama anayemtuliza ng'ombe. "Mimi nimefanya kazi ujana wangu wote, sijapata kusikia. Mwezekaji analipwa, lakini akianguka halipwi. Mwashi hivyo hivyo. Dunia nzima watu wanalipwa wasianguke. Wangu mimi ndiye kaenda kutafuta wanaolipa kinyume."

Watu wa kamera walicheka. Hata Nyoya alicheka, lakini alimjibu.

"Ile mashine ya kuchambulia pamba, Baba, unayoipenda kuliko redio yako. Unajua nimeipataje?"

"Ulisema umefanya kazi."

"Nimeiangukia. Ghorofa mbili, kutoka dirishani, kinyumenyume."

Ilikuwa dhahiri kwamba kuanzia leo mzee hataisikia mashine ile ikinguruma bila kuona dirisha.

"Na usiseme nilijifunza kwa watu," Nyoya aliendelea, sasa kwa sauti ya upole. "Nani alikuwa akipanda rafu ya juu karakanani, akarukia lundo la pamba?"

"Nilikuchapa kwa ajili hiyo."

"Ulinichapa, ndiyo. Lakini kabla sijaruka ulikuwa unalisogeza lile lundo kwa mguu, unajifanya unafagia. Nilikuwa nakuona."

Mzee aligeuka kando akawa anatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo.

Nyota alipita na kikombe chake, amevaa gauni la njano kama lile lile, yeye na Nyoya wakaonekana kama mapacha. "Shikamoo, mzee. Usiwe na wasiwasi. Huyu mwanao ana roho saba. Mimi hapa napanda kiti kubadilisha taa ya chumbani, nalia." Akaliangalia godoro kwa uchu. "Hili la nani? Nitaliazima kidogo, mgongo wangu umekwisha."

Maboksi alikuwa amesimama pembeni, mikono haijui pa kukaa. Nyoya alimtupia jicho moja juu ya bega la baba yake. Lilikuwa jicho fupi, lakini kijana alilipokea lote, akahisi joto likimpanda mpaka masikioni.

Mwongozaji wa filamu, mtu mwembamba asiyejua kunong'ona, alipaza sauti: "Maboksi! Nyoya! Twendeni juu tupime pa kusimama. Jua halitungoji!"

Wakapanda. Mzee akabaki chini na godoro lake, akikitazama kile kilima cha maboksi kama mtu anayemtazama mgeni ambaye hajajitambulisha.

*

Juu ya paa upepo ulikuwa mwingine kabisa. Mwongozaji alipima, akachora mstari wa chaki, akaenda upande wa pili kugombana na mtu wa kamera. Wawili wakaachwa kwenye ukingo.

Nyoya hakutazama chini. Hakutazama chini kamwe kabla ya kuanguka. Hiyo ilikuwa desturi yake, na kila aliyefanya naye kazi aliijua. Alianguka kwa mgongo, uso mbinguni, kwa hiyo hakuona anakokwenda. Alisimama kisigino kikigusa ukingo, akasubiri sauti. Maboksi, akiwa chini, akishakizunguka kilima chake na kuridhika, alimwita kwa neno moja tu: "Njoo." Naye akaenda. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kulitamka, hata mwongozaji mwenyewe. Siku moja mtu wa taa alilitamka kwa mzaha, Nyoya hakusogea hata unywele, na Maboksi nusura amrarue.

"Amesema chochote?" kijana aliuliza.

"Amesema nimekonda."

"Na kuhusu mimi?"

"Amesema una miguu mirefu." Nyoya alitabasamu, halafu tabasamu likamtoka. "Ana hofu. Baba akiwa na hofu hushona. Lile godoro amelishona usiku na mchana, nimeona vidole vyake."

"Akisema hapana?"

"Nitaanguka leo hivyo hivyo. Kazi ni kazi."

"Na kesho?"

Upepo uliivuta wigi, akaishika kwa mkono.

"Kesho utafute mwingine wa kumpangia," alisema. "Sikukatazi kazi. Ila siwezi kukusikia ukiniambia njoo kila siku, kisha jioni nirudi nyumbani peke yangu kama mtu aliyepotea njia. Nimechoka kuja nusu."

Maboksi alitaka kusema mengi. Alikuwa ameyapanga, usiku mzima alikuwa akiyapanga, safu juu ya safu. Lakini alinyoosha mkono tu, akaiweka sawa kola ya gauni la njano iliyokunjika, akauacha mkono pale kidogo tu, kwenye shingo, ambapo mshipa ulikuwa ukipiga.

"Wewe unaogopa," alisema kwa mshangao.

"Kila mara. Ulikuwa hujui?"

Hakuwa anajua. Kumbe mara zote zile, chini yake, alikuwa akimwita mtu anayetetemeka; na mtu huyo, akitetemeka, alikuwa akija. Alimtazama kama ndiyo kwanza amemwona. Kwa mara ya kwanza tangu aianze kazi hii, alilihisi neno lake likiwa na uzito mdomoni.

"Wapenzi!" mwongozaji alipiga kelele. "Mtaoana baadaye. Jua!"

*

Maboksi alishuka ngazi mbili mbili. Chini alimkuta Nyota amesimama kivulini, mikono kiunoni.

"Nani kachukua godoro? Nimekwenda kuweka kikombe tu, nimerudi halipo. Hapa watu hawamwachii mtu hata usingizi!"

Baba yake Nyoya alikuwa ameketi juu ya jiwe, si mbali na kilima, amekunja mikono. Pumzi zake zilikuwa za mtu aliyetoka kufanya kazi. Kwenye koti lake kulikuwa na vumbi la karatasi.

Maboksi alisimama. Kisha akaanza kukizunguka kilima kama kawaida yake, polepole, jicho kwenye kona, jicho kwenye safu. Upande wa mbele, sawa. Upande wa ukutani, sawa. Nyuma, ambako watu wa kamera hawakuwa wakiona, alifika kwenye mwisho wa kamba, akainama.

Fundo halikuwa lake. Lake lilikuwa la kuvuta mara moja likafunguka. Hili lilikuwa dogo, gumu, limepitishwa mara mbili na kubanwa chini, fundo ambalo mtu hufunga anapokamata pamba katikati ya godoro ili isitembee.

Alirudi mbele ya mzee, akachuchumaa ili macho yao yawe sawa, akasema kwa sauti ya chini wasisikie wengine.

"Mzee. Umeliweka safu ya ngapi?"

Mzee alimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. Hakukana.

"Katikati. Upande wa kichwa chake. Wewe umemwekea mwanangu makaratasi, kijana. Makaratasi! Nimeyabonyeza, yanaingia. Mimi nimewalaza watu maisha yangu yote. Mama yake nilimlaza kwenye godoro langu mpaka siku yake ya mwisho, hakupata kidonda hata kimoja. Acha kichwa cha mwanangu kipate kitu cha maana."

"Nitalitoa, mzee."

"Hulitoi."

"Nalitoa."

"Nisikilize." Mzee alimshika mkono, na vidole vyake vilivyochomwa sindano miaka mingi vilikuwa na nguvu za koleo. "Mjomba wako alikuja kwangu na maneno. Sasa mimi nakupa maneno yangu. Liache godoro pale. Likiwa pale, jioni hii hii mlete mjomba wako, nitamkaribisha, tutazungumza kama watu. Ukilitoa, umeniambia mbele ya mwanangu kwamba sijui kumlinda. Na mtu aliyeniambia hivyo asikanyage mlango wangu."

Kutoka juu sauti ya Nyoya ilishuka, nyembamba kwa umbali: "Tayari huko?"

"Bado!" Maboksi alijibu bila kuinua kichwa.

Mwongozaji, aliyekwisha kushuka naye, alikuwa ameshika kichwa. "Bado nini? Jua linakwenda!"

Kijana hakuwahi kutaka kitu kingine maishani kama alivyotaka karibisho lile. Na sasa lilikuwa limewekwa mkononi mwake, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Asingekuwa na haja hata ya kusema uongo. Angetamka neno lake tu, kama siku zote.

"Njoo nikuonyeshe," alisema. "Kisha unifukuze."

Alimwongoza mzee mpaka upande wa miguu wa kilima. Akauchukua mkono wake, akaulaza juu ya maboksi. "Bonyeza. Kwa nguvu." Maboksi yakazama taratibu, yakatoa hewa, yakaupokea mkono mpaka kiwiko. "Sasa huku." Upande wa kichwa. Mzee akabonyeza. Karatasi ziliingia kidogo, halafu mkono ukagota. Ukasukumwa kurudi.

"Atakuja kwa mgongo," alisema Maboksi. "Miguu itazama hivi. Kichwa kitakataliwa hivi. Katikati ya hapo pana shingo yake. Godoro lako linambeba mtu aliyelala, mzee. Huyu hajalala. Huyu anatoka juu. Akitoka juu anataka kitu kitakachokufa badala yake. Maboksi yanakufa. Ndiyo kazi yao."

Mzee alikuwa fundi, na mikono yake ilikuwa imeshaelewa kabla ya mdomo kukubali. Aliuondoa mkono pale polepole. Akautazama kana kwamba si wake.

Maboksi hakungoja ruhusa. Alichomoa kisu, akaikata kamba.

Kilima kilimwagika. Watu wakapiga kelele. Alizivuruga safu alizozipanga asubuhi nzima, akalivuta godoro, akalikumbatia kwa kifua na kulitupa nyuma ya ukuta kabla hawajaliona vizuri. Mwongozaji alikuja mbio, mishipa ya shingo imemtoka.

"Umerukwa na akili? Nini hiki? Nani kaharibu?"

Maboksi alimwona mzee pembeni, amesimama wima kama mshtakiwa, midomo ikianza kufunguka.

"Mimi," alisema Maboksi haraka. "Nilikosea kupanga. Nipe muda kidogo."

"Wewe? Wewe hujakosea tangu nikujue!"

"Basi leo nimekosea. Wakati unaongea ningekuwa nimepanga safu moja."

Akapiga magoti, akaanza upya. Alipanga kama mwenye wazimu aliye makini: hili limejipinda, weka kando; hili linafaa; kona juu ya ubavu, ubavu juu ya kona. Jasho lilimwingia machoni. Hakumtazama mzee. Alijua kwamba amejibiwa. Mlango ule ulikuwa umefungwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeusukuma. Alichobakiwa nacho ni hiki tu, kumpangia Nyoya kwa mara ya mwisho, na alikipanga vizuri kuliko vyote alivyowahi kupanga.

Alipofunga kamba kwa fundo lake mwenyewe, mzee hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama karibu naye, bega kwa bega, uso umeinuliwa juu.

"Kimya!" alisema mwongozaji. Uani pakawa kimya.

Juu, ng'ambo ya kitambaa chekundu, gauni la njano lilitokea. Kisigino kikagusa ukingo. Mgongo ukawageukia. Kutoka chini alionekana mdogo kama kitu kilichosahauliwa kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Maboksi alivuta pumzi. Alisikia mkono wa mzee ukishika shati lake kwa nyuma, ukalikunja ngumini.

"Njoo," alisema.

Naye akaja.

Hakuruka. Alijilaza. Alijilaza juu ya hewa kama mtu anayejilaza mwisho wa siku ndefu, mikono imefunguka, kidevu kimepumzika, na kwa muda mfupi usiopimika ilionekana kweli kwamba hewa imemshika. Gauni lilifunguka likajaa upepo. Jua lililokuwa likiinama lilipenya ndani yake na njano ile ikawaka, mpaka watu waliokuwa wameiona kazi hii mara nyingi wakasahau kupumua. Njiwa waliokaa madirishani waliondoka wote kwa pamoja wakatawanyika, naye akapita katikati yao, ghorofa, ghorofa, ghorofa, bila haraka, bila kelele, kana kwamba ni jengo lililokuwa likipanda na yeye ametulia tu mahali pake. Mzee alitoa sauti ndogo kooni. Haikuwa ya hofu. Ilikuwa sauti anayoitoa mtu anapofunguliwa mlango akaona ndani kitu asichokitegemea.

Kisha maboksi yakampokea. Yalizama yote kwa pamoja, safu kwa safu, yakatoa pumzi moja ndefu, na vumbi likapanda.

Halafu ikaja ile saa Maboksi aliyoichukia kuliko zote, ya kutazama vumbi.

Mkono ukatokea. Mkono mmoja, ukachezesha vidole. Uani pakalipuka makofi na vifijo, na Nyota, akiwa kikombe mkononi, alikuwa akilia machozi ya kweli ambayo mwongozaji hajawahi kuyapata mbele ya kamera.

Mzee hakupiga makofi. Shati la Maboksi bado lilikuwa ngumini mwake.

"Nilidhani ataanguka," alisema.

"Ameanguka, mzee."

"Hapana." Alitikisa kichwa, macho hayajashuka bado kutoka pale hewani ambapo hapakuwa na mtu tena. "Kuanguka nakujua. Nimeanguka, nimeona watu wakianguka. Ile... Ile sina jina lake."

Alikiendea kilima, akamtoa binti yake kwa mikono yote miwili kama alivyomtoa zamani kwenye pamba, akampapasa kichwa, mabega, viwiko.

"Umeumia?"

"Hapa na pale tu."

"Uliogopa?"

"Sana, Baba."

"Sasa kwa nini, mwanangu? Kwa nini?"

Nyoya alitema kipande cha karatasi. Alifikiri. "Pale katikati," alisema, "hakuna kinachonigusa. Hata kimoja. Na bado najua kuna mtu ameniwekea mahali. Sijakuta kwingine popote ninapojisikia hivyo."

Mzee alimsikiliza. Halafu aligeuza kichwa, akamtazama yule kijana mwenye miguu mirefu, vumbi mpaka kwenye nyusi, aliyesimama mbali kidogo kama mtu aliyekwisha kuaga.

"Vizuri mno!" mwongozaji alikuwa akipiga kelele. "Vizuri mno! Ila kamera ya pili imemkata miguu. Tunarudia! Jua lipo bado, haraka!"

Watu waliguna. Nyoya aliiweka wigi yake sawa, akamtazama baba yake.

"Tena?" mzee aliuliza.

"Tena, Baba. Unaruhusu?"

Mzee alimpa mgongo, akalivua koti lake, akalitundika kwenye msumari. Nyoya alisubiri kidogo, akauma mdomo, kisha akaiendea ngazi ya chuma. Hatua zake zikasikika zikipanda, nzito.

Maboksi alikuwa ameshapiga magoti kwenye lile fujo, akichambua yaliyopasuka na yaliyo mazima. Kivuli kikamwangukia. Mzee alichuchumaa kando yake, magoti yakalia, akaokota boksi bapa na kulifungua.

"Haya yanaanzia wapi?"

Maboksi hakuamini masikio yake. "Kona kwanza. Kona inakaa juu ya ubavu."

Mzee akalitia boksi mahali. Maboksi akanyoosha mkono, akaligeuza.

"Si hivyo, mzee. Linatazama huku."

"Mzee, mzee," alinung'unika fundi magodoro, akaokota jingine. "Tangu nifike ni mzee tu. Kwani kwenu baba wa mke anaitwaje?"

Boksi lilimtoka kijana mikononi.

"Baba mkwe," alisema kwa sauti iliyokwaruza.

"Basi niite hivyo na unionyeshe vizuri. Jua linakwenda."

Juu yao, kwenye ngazi ya chuma, hatua zilikuwa zimesimama. Zilikaa zimesimama muda mrefu kidogo, na kitu kama kicheko, au kilio, kikadondoka kutoka kule. Kisha zikapanda tena, mbio.